Takhmisa: ni mistari mitano ao ni kazi unayoifanyia shairi la mwenzako?

Mdogo wangu wa Goma, aksanti kwa swali lako, limenifurahisha kabisa, ju watu wananiandikia kila mara kuhusu ngeli, kuhusu tafsiri, kuhusu namna ya kuandika barua ya kuomba kazi, ushairi hawaugusi. Nalirudia kwa kifupi ili na wengine wafuate. Unasema mko mnasoma ushairi wa Kiswahili kwenye kozi, kitabu chenyewe kimetoka Tanzania, na humo mmekutana na jina takhmisa. Asistanti wenu akasema ni shairi lenye ubeti wa mistari mitano, sawa na ile Wafaransa wanaita quintil, kwisha, tuendelee. Mwenzenu mmoja, familia yake ni ya Kasongo na amepita madrasa, akanyoosha mkono akasema hapana, takhmisa ni kitu unaifanyia shairi ya mutu mwingine. Darasa likacheka. Sasa unataka kujua nani anasema kweli, jina lenyewe lilitoka wapi, na mwisho ukachomeka kama tarbia na utenzi nazo ni Kiarabu.

Kwa kifupi: asistanti anasema vile vitabu vya shule vinasema leo, mwenzenu wa Kasongo anasema vile jina lenyewe linasema. Na mimi kama mnanilazimisha kuchagua nasimama upande wa Kasongo, tena msimcheke.

Tuanze na jina. Ndani ya takhmisa kuna konsonanti tatu ambazo njo mzizi, kh, m na s, na huo mzizi kwa Kiarabu unabeba tano. Kiswahili cha pwani kimejaa watoto wa huo mzizi: hamsini, Alhamisi, jina la mtu Hamisi ambaye mara nyingi ni mtoto aliyezaliwa Alhamisi, na ukienda Kasongo ao Kindu utawakuta akina Hamisi wengi tu. Shida yetu sisi wa Kivu ni kwamba hatuhesabu hivyo. Nani kati yetu anasema hamsini sokoni? Tunasema makumi tano. Ishirini tunasema makumi mbili, tisa tunasema kenda. Chini ya mia, sita na saba njo zimebaki kwetu toka Kiarabu, zingine tumezijenga na Kibantu chetu. Kwa hiyo mtoto wa Dar es Salaam akisikia takhmisa, sikio lake linaweza kunusa hamsini humo ndani hata kama hakufundishwa, lakini mtoto wa Bukavu ananusa nini? Hakuna. Jina linamfikia likiwa limefungwa kabisa, analikariri tu kwa ajili ya egzame.

Hapo hapo niseme kitu kimoja nje ya swali, ju kinanichekesha kila mara. Alhamisi ya Waarabu ni siku ya tano kwa sababu wanaanza kuhesabu Jumapili. Jumatano ya Waswahili wa pwani ni ya tano nayo kwa sababu wao wanaanza Jumamosi. Na sisi huku tukisema siku ya tano tunamaanisha ile wa pwani wanaita Ijumaa, kwa sababu tunaanza Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi. Siku tatu zinazofuatana, zote zinaitwa tano. Ukipanga randevu na mtu wa Mombasa andika tarehe, usiandike siku.

Turudi. Mzizi peke yake hautoshi, lazima uangalie na umbo lake, na hapa njo pale asistanti wenu alipita haraka. Kama jina lingetaka kusema tu "yenye mistari mitano" Kiarabu kiko na namna zingine za kulisema. Lakini hii ta- ya mbele pamoja na i ndefu ya katikati inafanya jina la tendo, tena tendo la kukifanya kitu kiwe namna fulani. Unayajua maneno mengi ya umbo hilo bila kujua kama unayajua. Taarifa: kumfanya mtu ajue, njo maana pia tunasema kumuarifu. Tafsiri: kuifanya maana iwe wazi. Taratibu: kuviweka vitu kwa mpango, na ratiba ni ndugu yake. Tarehe: kukipa kitu siku yake. Yote yamemiminwa sehemu moja. Sasa weka takhmisa kwenye huo mstari: kukifanya kitu kiwe tano. Ukishasema hivyo swali linakuja lenyewe, kitu gani? Kabla hakijawa tano kilikuwa ngapi, na kilikuwa cha nani?

Kilikuwa mbili, na kilikuwa cha mwingine.

Shairi la kale la Kiarabu linakwenda kwa beti, na kila beti ni mstari mmoja mrefu uliokatwa katikati, nusu mbili. Nusu ya pili ya kila beti inamalizika kwa kina kimoja, yaani sauti ileile ya mwisho, toka mwanzo wa shairi mpaka mwisho, hata kama shairi liko na beti mia moja. Mshairi anayefanya takhmisa anachukua shairi la mtu ambalo watu wameshalipenda, hagusi hata neno moja, halafu mbele ya kila beti anatunga vipande vitatu vya kwake. Vipande hivyo vitatu lazima vimalizike kwa kina cha ile nusu ya kwanza ya mwenye shairi. Tatu zake, mbili za mwenyewe, jumla tano. Hapo amelifanya shairi la mtu liwe tano, amelipiga takhmisa.

Na hiyo si michezo ya watu wachache. Kasida ya Burda ya al-Busiri, yule mshairi wa Misri wa karne ya 13, ile waislamu wanaiimba kwenye maulidi mpaka leo, ilifanyiwa takhmisa na washairi chungu nzima toka nchi mbalimbali. Ilikuwa heshima kwa mwenye shairi na tena ilikuwa mtihani kwa anayeongeza, ju msomaji anaona palepale kama tatu zako zinafanana na mbili za bwana mkubwa ao zinaning'inia tu hapo. Kujificha hakuna.

Kwa Kiswahili mfano unaojulikana zaidi ni Takhmisa ya Liyongo. Fumo Liyongo ni yule shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Pate na mto Ozi, ambaye hadithi zake zimejaa. Kuna shairi lililosimuliwa kuwa ni lake. Baadaye sana, Liyongo amekufa zamani, akaja Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, huyo huyo aliyetunga shairi la Al-Inkishafi, akalichukua lile shairi akaweka mistari mitatu ya kwake mbele ya kila miwili ya Liyongo. Edward Steere alilichapisha London mwaka 1870 ndani ya kitabu chake cha hadithi za Waswahili. Kwa hiyo ukishika ukurasa ule unasoma watu wawili ndani ya ubeti mmoja: kwanza Sayyid, halafu Liyongo anamalizia. Anayekuja nyuma kwa miaka anasema mbele, na marehemu njo anafunga maneno. Mimi hapo napapenda sana.

Najua maelezo matupu hayatoshi, tufanye kwa mkono. Tuseme kuna mtu, jina lake tuache, ametunga beti hii ya vipande viwili, kila kimoja mizani nane, yaani silabi nane:

Ziwa Kivu limelala,
wavuvi nao waimba.

Hesabu na vidole: zi-wa-ki-vu-li-me-la-la, nane. Wa-vu-vi-na-o-wa-i-mba, nane. Kipande cha kwanza kinamalizika na -la, cha pili na -mba. Mimi sasa nataka kulipiga takhmisa. Siruhusiwi kugusa hizo mbili. Ninachotakiwa ni kutafuta tatu zenye mizani nane zinazomalizika na -la, tena ziingie ndani ya maana, zimfikishe msomaji kwenye ziwa bila kumsukuma:

Usiku umetawala,
watoto wameshakula,
hata paka hana hila,
Ziwa Kivu limelala,
wavuvi nao waimba.

Unaona vile inatembea? Vina vinne -la, la, la, la, halafu -mba inakuja peke yake kufunga mlango. Kwenye ubeti wa pili nitachukua tena vipande viwili vya mwenye shairi, kina cha tatu zangu kitabadilika kufuata kipande chake cha kwanza, lakini mwisho utarudi palepale kwenye -mba, na wa tatu -mba, na wa kumi -mba. Huyo paka wangu si wa ajabu sana, nakubali, lakini bila yeye nilikuwa nimebakiwa na kukariri "lala" mara mbili na hiyo ingekuwa aibu.

Sasa linganisha na quintil. Majina ya Kifaransa mliyosoma sekondari, quatrain, quintil, sizain, huitain, dizain, yote hayo yanahesabu tu: nne, tano, sita, nane, kumi. Hayasemi ulifanya nini wala shairi lilikuwa la nani. Unaweza kuandika quintil leo asubuhi kutoka kichwani mwako bila kumgusa mtu yeyote. Kwa hiyo kusema takhmisa ni quintil ni sawa kwa macho, ukiangalia ukurasa unaona mistari mitano, lakini jina halikuzaliwa kwa sababu ya macho. Kama unataka ndugu wa karibu zaidi wa takhmisa huko Ulaya usiende kwa quintil, nenda kwa Wahispania, wako na kitu wanaita glosa, ambamo mshairi anachukua mistari michache ya mwingine halafu anajenga ubeti mzima unaoishia kila mara kwenye mstari mmoja wa yule wa kwanza. Hapo wazo ni lilelile, la mwingine linakuja mwishoni na langu linaingia mbele.

Lakini basi vitabu vya shule vinadanganya? Hapana. Kiswahili kilichukua jina kikalifanyia kazi zake. Mashairi ya Kiswahili ya karne ya 19 na ya 20 yalipoanza kupangwa kwa idadi ya mistari kwenye ubeti, walimu walihitaji majina, na majina ya Kiarabu yalikuwa hapo tayari, yakapangwa kama ngazi: tathnia kwa miwili, tathlitha kwa mitatu, tarbia kwa minne, takhmisa kwa mitano, tasdisa kwa sita, inapanda mpaka ushuri kwa kumi. Kwenye hiyo ngazi takhmisa imepoteza mwenye shairi, imebaki na tano tu. Leo ukimpa mwalimu wa Morogoro ao wa Eldoret shairi lako mwenyewe la mistari mitano kila ubeti atakuambia bila wasiwasi kwamba ni takhmisa, na mimi siwezi kumwambia amekosea, ju watu wanaotumia neno njo wenye neno. Ila anayejua ya kwanza anasoma Takhmisa ya Liyongo vizuri, asiyejua atafikiri mistari yote mitano ni ya Liyongo, na hilo nimeliona likiandikwa kwenye kazi za wanafunzi bila haya.

Tarbia hiyo unayouliza basi umeshaiona iko wapi. Mzizi wake ni wa nne, uleule wa arubaini na robo, na mraba nao ni wa humo humo, umbo lenye pande nne. Ni umbo la ta- vilevile, kukifanya kitu kiwe nne. Njo aina inayotumika zaidi kwa mashairi ya kawaida ya Kiswahili, yale ya magazetini, mistari minne, mizani kumi na sita kwa kila mstari imekatwa nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Kama unataka sheria zake zimeandikwa kwa ukali wote, mtu wa kumsoma ni Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, hapo tu ng'ambo ya ziwa Tanganyika ukitoka Kalemie, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954.

Tasdisa inawapiga watu chenga. Wanauliza, kama sita ni Kiarabu kwa nini tasdisa haifanani na sita? Ju hata kwa Kiarabu chenyewe sita ilikuwa na d ndani, s-d-s, zikasukumana na t zikayeyuka, d ikabaki kwenye "ya sita" na kwenye sehemu moja ya sita. Tasdisa imeshika umbo la zamani, sita imeshika umbo lililochakaa. Ni mtu mmoja.

Sasa utenzi, na hapa nakuomba ukae vizuri ju hapa njo watu wengi wanapotea, wanafikiri kwa kuwa ushairi wa pwani umekaa na Uislamu basi kila jina humo ni la Kiarabu. Utenzi si Kiarabu hata kidogo. Ni kitenzi chetu kutenda. Wale wa Lamu na Pate wanasema utendi, na humo unaona kutenda kumekaa wazi kabisa. Ile z ya wa kusini inatoka kwenye tabia ya Kibantu ya d kugeuka z ikikutana na i ya mwisho: kupenda kunatoa mpenzi, kulinda kunatoa mlinzi, na kutenda kunatoa mtenzi na utenzi. Hapa Bukavu tunasema mupenzi na mulinzi kila siku, kwa hiyo kanuni unayo mdomoni.

Utendi basi ni kitendo. Na hapo mtu aliyesoma Kifaransa anaweza kukumbuka chanson de geste ya Wafaransa wa zamani, ju ile geste inatoka kwa Kilatini gesta, mambo yaliyotendwa. Watu wawili ambao hawakuonana kamwe, mmoja Pate na mmoja Ufaransa, wakaipa hadithi ndefu ya vita jina la matendo. Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, kazi ya Bwana Mwengo wa Pate, unaelezea vita kati ya jeshi la Mtume na Herekali mfalme wa Roma ya mashariki, hapo matendo yapo mpaka unachoka. Ila usilishike jina kwa nguvu sana. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake kwa binti yake, na humo hakuna hata upanga mmoja, ni mawaidha ya mama mgonjwa kwa mtoto wake, vile ya kukaa na Mungu, na watu, na mume. Jina lilikuwa limeshahamia kwenye umbo: vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vinafanana kina, cha nne kinashika kina kimoja toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho.

Angalia tena hilo umbo taratibu. Vipande vinavyofanana kina, halafu cha mwisho kinachorudi kilekile shairi zima. Si umeona kitu kama hicho hapo juu kwa huyo paka? Takhmisa ni a-a-a-a-b, utenzi ni a-a-a-b. Wataalamu wa ushairi wa Kiarabu wanajua kabisa hiyo a-a-a-b, kwao iko kwenye familia ya tarbia. Kwa hiyo inawezekana kabisa umbo likawa limepita bahari na jina likawa limezaliwa nyumbani, na hilo kwangu ni jambo la kawaida tu, hata kanga na kitenge vinavuka mipaka hivyo.

Na wewe utenzi umeukuta wapi kabla ya kozi? Nina hakika ni kwenye Biblia. Waefeso 5:19, "zaburi na tenzi na nyimbo za rohoni". Hizo tenzi za wakristo hazina haja ya kuwa a-a-a-b, watafsiri walichukua neno la heshima la pwani wakalipa kazi ya kanisa. Kwa hiyo wakristo wa Goma wako na neno la washairi wa Pate kinywani kila siku ya Mungu, hawajui tu.

Wenzako najua watakuuliza pia kuhusu neno shairi lenyewe, kwa hiyo nalijibu mapema. Hilo ni Kiarabu, mzizi sh-ʿ-r, kuhisi ao kutambua kwa undani, mshairi kwa Waarabu wa zamani alikuwa mtu anayehisi kitu ambacho wengine hawakihisi. Usilichanganye na shayiri ya Yohana 6:9, ile mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Konsonanti ni zilezile tatu, ila shayiri inakaa upande wa neno la Kiarabu la nywele, labda kwa sababu ya zile sharubu za suke lake. Kasida nayo ni ya mzizi wa kukusudia: kasida na makusudi vimetoka fasi moja, shairi lenye mahali linakwenda.

Na ubeti. Huu siwezi kuuruka. Bayt kwa Kiarabu ni nyumba, na kwa watu wa jangwani nyumba ni hema. Hata kwa Kiebrania ni neno hilohilo, Betheli nyumba ya Mungu, Bethlehemu nyumba ya mkate, na hapa kwetu makanisa yanayoitwa Beteli huwezi kuyahesabu. Mtu aliyepanga elimu ya mizani ya Kiarabu ni al-Khalil ibn Ahmad, asili yake Oman, akafundisha Basra katika karne ya 8, huyo huyo aliyeanzisha kamusi ya kwanza ya Kiarabu, na mizani za ushairi alizipanga kwenye bahari kumi na tano, njo maana na sisi tunasema bahari za ushairi. Kwenye elimu hiyo majina mengi ni ya hema. Kila nusu ya beti inaitwa ubao wa mlango wenye mbao mbili. Vipande vidogo vya sauti, kimoja kinaitwa kigingi na kingine kinaitwa kamba, na hiyo kamba kwa Kiarabu ni sabab, neno lilelile ambalo sisi tumelifanya sababu, kwa maana kitu kinafungwa na kitu. Sasa ukilikumbuka hema utaelewa takhmisa bila kukariri: mshairi wa pili hakuvunja nyumba ya mwenzake wala hakupanga upya chumba, alikwenda mbele ya mlango akajenga barza, ile veranda ya mbele, na barza lazima ifuate mlango wa mwenye nyumba ama sivyo hautafunguka.

Umeuliza pia kwa nini hayo yote hayakutufikia huku wakati Kiswahili kilitufikia. Kwa ufupi, Kiswahili cha misafara ya akina Tippu Tip kilifika Kasongo na Nyangwe na biashara na dini, na madrasa zilishika kasida na maulidi mpaka leo, njo maana mwenzenu alijua. Lakini shule zetu nyingi zilijengwa na misheni, herufi za Kilatini, Kifaransa juu, na Kiswahili kilipewa Biblia, katekisimu na hesabu. Ushairi wa Pate hakuna aliyeupakia kwenye hiyo gari. Si kwamba watu wa Kivu hawana ushairi, Mashi na Kihavu na Kinande zimejaa nyimbo na sifa, ila hazikupitia kwenye majina hayo.

Sasa kuhusu egzame, ju najua njo hilo linakukosesha usingizi. Usimpinge asistanti mbele ya watu. Andika hivi: takhmisa kwa matumizi ya leo ni shairi la mistari mitano kwa ubeti, kwa asili ni kazi ya kuongeza vipande vitatu mbele ya kila beti ya shairi la mtunzi mwingine, jina linatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa tano katika umbo la tendo, mfano Takhmisa ya Liyongo. Hayo yote yanaingia kwenye mistari minne ya karatasi na hakuna mwalimu atakayekunyima pointi. Kama hawezi kutamka kh yako mwachie aseme tahmisa, hata wengi wa pwani wanasema hivyo.

Na kama una nguvu, jaribu mwenyewe ubeti wa pili. Mwenye shairi yetu ameendelea hivi, ju sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanavuliwa usiku kwa taa:

Taa zao zinang'ara,
sambaza wanajikumba.

Hizo mbili usiziguse. Zinahitajika tatu mbele, mizani nane kila moja, kina -ra. Ukizipata nitumie, na umpe na yule wa Kasongo ajaribu za kwake tuone nani ameshika mlango vizuri zaidi.